Maswali Yenu Kuhusu Tovuti Bandia

Nimekuwa nikiambiwa kwamba tovuti yenye alama ya kufuli kando ya anwani yake ni salama. Je, ni kweli?

Si kweli, na dhana hiyo imewaponza wengi. Kufuli, sawa na herufi https, huonyesha tu kwamba mawasiliano kati ya kifaa chako na tovuti hiyo yamesimbwa, hivyo mtu wa kati hawezi kuyasoma. Haisemi lolote kuhusu uaminifu wa aliye upande wa pili. Cheti cha usimbaji hupatikana bure na kwa dakika chache, na tapeli hukipata kama mtu mwingine yeyote. Ndiyo maana mwaka 2023 Google waliiondoa alama hiyo katika kivinjari cha Chrome na kuweka nyingine, wakieleza kwamba watu wengi walikuwa wakiielewa visivyo.

Nitaitambuaje anwani bandia iwapo ndani yake limo jina la benki yangu?

Tafuta mkwaju (alama ya /) wa kwanza unaofuata baada ya https://, kisha usome kutoka hapo kurudi kushoto. Katika anwani https://benkiyako.com.hakiki-sasa.net/ingia, mwenye tovuti ni yule aliyesajili hakiki-sasa.net, na hayo maneno "benkiyako.com" ameyabandika tu mbele, jambo ambalo kila mwenye kikoa, yaani jina la tovuti lililosajiliwa, anaweza kulifanya bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Kwenye simu hatari huzidi, kwa kuwa skrini ni ndogo na anwani ndefu huenda isionekane yote.

Hata hivyo, macho peke yake hayatoshi. Herufi r na n zikikaribiana hufanana na m, na zipo herufi za Kisirili, zile za kuandikia Kirusi, zisizotofautiana kwa sura na zetu. Mwaka 2017 mtafiti mmoja alisajili anwani ambayo baadhi ya vivinjari viliionyesha sawasawa na apple.com. Kwa hiyo nawasihi mwache kabisa mazoea ya kuingia benki kupitia viungo vya kwenye ujumbe. Andika anwani mwenyewe, au tumia programu ya kutunza nywila, ambayo hulinganisha anwani herufi kwa herufi na haijazi nywila yako pasipo mahali pake. Ikikataa kujaza, simama hapo hapo uikague anwani.

Duka likitokea la kwanza nikitafuta mtandaoni, je, limehakikiwa?

Hapana. Nafasi za juu mara nyingi ni matangazo ya kulipia, na matapeli nao hulipia.

Nimekwisha kuingiza nywila pamoja na namba ya uthibitisho niliyotumiwa. Nifanyeje?

Usipoteze muda kwa kuona aibu, kwani tovuti bandia huweza kuipeleka namba hiyo kwenye tovuti halisi papo hapo, kabla haijaisha muda wake. Ipigie benki kwa namba iliyoandikwa nyuma ya kadi yako, wala si ile iliyomo kwenye ujumbe, uombe akaunti izuiwe. Kisha badili nywila hiyo kila ulikoitumia, uondoe vifaa vyote vilivyoingia katika akaunti zako, na uhifadhi picha za ujumbe na anwani kwa ajili ya polisi. Siku zitakazofuata, anaweza kukutafuta mtu anayedai kwamba atazirejesha fedha zako ukimlipa ada kwanza. Usimlipe, kwa sababu huo ni utapeli wa pili, na mara nyingi hutoka kwa watu wale wale.