Maswali ya Wasomaji: Ridi za klarineti zisizo na jina kubwa

Shikamooni. Napiga klarineti kwenye bendi ya kanisa hapa Mtwara mjini. Nimezoea ridi (vipande vya tete vinavyotetema na kutoa sauti) za kampuni ya Vandoren namba 2.5, ila duka ninaloagizia Dar limeishiwa. Naambiwa kuna Gonzalez, Marca, Rigotti na Steuer. Zinaaminika, au nitatupa hela?
*Msomaji, Shangani*

Marahaba. Zinaaminika. Marca na Rigotti ni za mkoa wa Var, kusini mwa Ufaransa, kwenye asili ya matete ya ridi. Gonzalez ni ya Argentina, na Steuer ni ya Ujerumani. Huku hazijulikani kwa sababu wauzaji wetu hawazileti, si kwa sababu ni mbovu.

Hela hupotea kwenye mkato, yaani umbo la ridi, na namba, yaani ugumu wake. Ukinunua Steuer, hakikisha boksi ni la mkato wa Kifaransa, unaoitwa pia Boehm, maana wanatengeneza na wa Kijerumani. Ridi ya Kijerumani ni nyembamba kwa upana. Ukiifunga kwenye mdomo (kipande unachopulizia) wa klarineti ya Boehm, yaani ya mfumo wa Kifaransa, kingo za dirisha (uwazi unaofunikwa na ridi) hazifunikwi vizuri, hewa inavuja pembeni, na kinachotoka ni mluzi au pumzi tupu. Muuzaji asiyejua ala anaweza pia kukupa ridi ya saksafoni ya alto kwa jina la klarineti, kwa hiyo mwombe apige picha ridi ikiwa juu ya rula. Ridi ya klarineti ya B-flati ina upana wa takriban milimita 13 kwenye ncha. Ya alto hufika kama 16.

Namba nazo hazilingani. 2.5 ya Vandoren ni ngumu kidogo kuliko 2.5 ya Rico, na hakuna kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji wote. Karibu kila mmoja ana jedwali la kulinganisha namba zake na za wengine. Likague kwanza, kisha nunua ridi mbili au tatu za rejareja kabla ya boksi zima la kumi. Mkiagiza nje, agizeni bendi nzima kwa pamoja: maboksi manne hayana uzito wa kutisha, na VAT ya asilimia 18 hupigwa hata juu ya nauli ya mzigo, hivyo kuagiza boksi mojamoja ni kujiumiza.

Zikifika, inua kila moja kwenye mwanga. Utaona kivuli kama V katikati. Mikono yake miwili iwe sawa. Gamba liwe la dhahabu, hata likiwa na madoa ya kahawia. Likiwa la kijani, tete lilivunwa changa, na ridi hiyo italegea mapema.

Ridi ikiwa ngumu, usiitupe wala usiikimbilie na wembe. Ishushe kwanza kidogo sana chini ya ncha ya mdomo wa klarineti. Hapo tu inalainika. Ikiwa ni laini mno, ipandishe. Bado inagoma? Puliza ukiwa umeugeuza mdomo wa klarineti kidogo kushoto, halafu kulia. Upande wa ridi unaotetema kwa shida ndio mzito. Ukwangue taratibu kwa msasa namba 600, mara mbili tatu, ujaribu tena. Usiguse katikati ya V, na karibu na ncha uwe mwepesi wa mkono: ncha ina unene wa takriban moja ya kumi ya milimita.

Ridi zangu zinaota madoa meusi ndani ya wiki chache. Ni ubovu wa kampuni?
*Msomaji, Lindi*

Hapana, ni ukungu. Hewa ya pwani ina unyevu, nawe bila shaka unaiacha ridi kwenye klarineti na kuivisha kifuniko. Ivue kila umalizapo, ifute kwa kitambaa safi kuelekea kwenye ncha, kamwe si kinyume, iache ikauke, kisha ilaze kwenye kikasha chenye uso bapa na matundu ya hewa. Tumia ridi nne kwa zamu badala ya kuitesa moja. Zenye ukungu zitupe, ni kitu unachoweka mdomoni. Ukichoka kabisa na habari za unyevu, Légère ya Kanada hutengeneza ridi za plastiki. Bei ya moja inakaribia boksi zima la kawaida, lakini haioti kitu na haihitaji kulowanishwa.

Mto Ruvuma umejaa matete. Kwa nini tusichonge ridi zetu wenyewe?
*Msomaji, Masasi*

Swali zuri, hasa ukizingatia kwamba klarineti nyingi nzuri huchongwa kwa mpingo, mti wa misitu yetu hii ya Kilwa na Nachingwea. Lakini tete la ridi ni aina nyingine, Arundo donax. Bomba lake lina kipenyo cha takriban milimita 25 na ukuta mnene, kwa sababu kisigino cha ridi, yaani mwisho wake mnene, peke yake huhitaji milimita 3 hivi. Matete ya kando ya mto ni membamba na kuta zake ni nyepesi. Ukiyapasua hupati kipande bapa cha upana unaotakiwa. Zaidi ya hayo, tete la ridi huvunwa likiwa limekomaa, hukaushwa juani, kisha huhifadhiwa kwa muda mrefu kabla ya kukatwa. Tete bichi hupinda likikauka, na ridi iliyopinda mgongo (upande wake bapa) haikai sawa juu ya dirisha.

Mkono wako ukiwashwa, anza na ridi zilizochoka: lainisha mgongo wake juu ya msasa namba 600 uliotandazwa kwenye kioo, kwa mizunguko midogo, hadi ukae bapa pote. Baadhi zitarudi kupigika.