RNA iliyoniharibikia ndiyo iliyonifungua macho

Mwaka wa pili chuoni niliikariri ile mishale kama sala: DNA (inayobeba jeni) hutoa RNA (nakala ya jeni), RNA hutoa protini. Mtihani ukauliza: seli ya ini na ya neva zina DNA ileile, mbona hazifanani? Nikaichora mishale tena, safari hii kwa rangi. Sikupata hata alama moja.

Kilichonifundisha ni hasara. Nilishinda maabara nikitoa RNA kwenye bakteria, kisha nikashika ndani ya kifuniko cha kichupa kwa mkono mtupu. Jioni, kwenye jeli ya kuchambulia RNA kwa ukubwa, ile mistari miwili ya RNA ya ribosomu (viwanda vya protini vya seli), inayoonyesha RNA ni nzima, haikuwepo. Palikuwa na ukungu tu. Ngozi yetu ina vimeng'enya vinavyokata RNA, na vipo vya jamii hiyo ambavyo hata ukivichemsha havifi. Nilikasirika: kwa nini ujumbe muhimu ubebwe na kitu kinachooza upesi hivi?

Swali hilo ndilo ninalokushauri uanzie. Mtazame bakteria E. koli. Glukosi ikiisha na laktosi ikiwepo, hunukuu (yaani hutolea RNA) kwa kasi jeni za kuitumia laktosi, mfumo ambao François Jacob na Jacques Monod waliueleza mwaka 1961. Laktosi nayo ikiisha? RNA zile zingedumu siku nzima, bakteria angeendelea kuunda vimeng'enya visivyo na kazi. Lakini RNA mjumbe zake (zile zinazobeba maagizo ya kuunda protini) nyingi huishi dakika chache tu, basi akiacha kunukuu, mambo yamekwisha. Kuoza kwa RNA ndiko kunakompa bakteria usukani.

Kwa hiyo ukipima ukakuta RNA ya jeni fulani imeongezeka mara 4, usikimbilie kusema jeni imewashwa zaidi. Unapima maji kwenye pipa lililotoboka: huenda bomba limefunguliwa, huenda tundu limezibwa. (Mikro-RNA, yaani RNA fupi zinazodhibiti RNA nyingine, kwa mfano, mara nyingi hulipanua tundu.) Wala usidhani protini nayo imepanda mara 4, ina pipa lake na tundu lake.

Lile swali la mtihani? Jeni za protini, takriban 20,000, zimo katika seli zote mbili. Ini hunukuu ya albumini, protini ya damu, kwa wingi. Neva imeiacha imefungwa. Sentensi mbili tu, bila mshale.

Na glovu vaa, hata kama unashika kalamu tu ya kuandikia vichupa.