Yeye anataka apu, mimi nataka daftari: tutumie nini kupanga hela ya nyumba?

SWALI: Anti shikamoo. Nipo Mbagala, ndoa yetu ina miaka minne na tuna mapacha. Mume wangu ni dereva wa kampuni, mshahara ukishakatwa kila kitu anashika 680,000, mimi naamka saa kumi alfajiri nakaanga maandazi na vitumbua nauza hapo nje, kwa siku nabaki na kama elfu 10 mpaka 18. Sio kwamba hatuna hela kabisa ila ikifika tarehe 20 tunaanza kuulizana imeenda wapi. Yeye kapakua apu ya bajeti, ya Kiingereza, anataka na mimi niwe najaza. Mimi nimenunua kaunta buku, yeye haigusi. Mwezi uliopita nikachungulia apu yake nikakuta kaandika "mengineyo 35,000", nikamuuliza huyo Mengineyo ndo nani? Ikawa ugomvi wiki nzima. Tuamulie, apu au daftari? – Mama Twins, Mbagala

JIBU: Marahaba Mama Twins. Huyo Mengineyo kanichekesha ila najua kwako hakukuwa na cha kucheka, tutamrudia.

Nianze na apu maana ndo mzee kaing'ang'ania. Hizi apu za bajeti zenye majina makubwa nyingi zimetengenezwa Marekani kwa watu wa kule, mshahara unaingia benki, mtu ananunua kwa kadi, apu inaunganishwa na benki inajisomea yenyewe. Mint ndo ilikuwa maarufu na ya bure, wenyewe wakaifunga 2024. YNAB ipo na watu wanaisifia ila ni zaidi ya dola 100 kwa mwaka, hebu piga hesabu hiyo ni ngano mifuko mingapi, na ukishalipa bado haitajua kwamba umenunua fungu la dagaa pale Rangi Tatu ukatoa noti ukarudishiwa chenji. Kwa hiyo kwa maisha yetu apu ni daftari lenye kioo tu, kila kitu utajaza kwa kidole chako. Sio mbaya, ila mjue mnachagua nini.

Mimi kwenye hili naangalia nani kati yenu mvivu zaidi wa kuandika, na hela zake zinapita saa ngapi, afu chombo kimfuate huyo. Wewe saa kumi na mbili asubuhi mkono mmoja una unga mwingine una mafuta, wateja wamesimama, simu utaishika saa ngapi? Yeye naye kutwa yuko barabarani, daftari liko nyumbani nyuma ya mlango, akirudi saa tatu usiku kashasahau kama ile elfu tatu ilikuwa vocha au chipsi. Sio kwamba mnadharauliana, kila mtu kaleta chombo kinachofaa siku yake yeye.

Yalinikuta na mimi. Baba watoto wangu ni mtu wa eksel, alinitengenezea faili lina rangi nne na kila siku ya mwezi na safu yake, nikajaza siku nne. Siku ya tano nikamwambia simu haina chaji. Alijua, ila alinyamaza, na lile faili nahisi mpaka leo lipo kwenye kompyuta yake linasubiri tarehe tano.

Sasa fanyeni hivi, mwezi mmoja tu. Msipakue kitu. Fungueni grupu la WhatsApp la watu wawili, wewe na yeye, mama mkwe asiingie. Kila hela ikitoka unaandika namba na neno, "4500 mafuta", "2000 nauli", basi, hakuna salamu wala maelezo. Wewe andika ukishamaliza biashara na kunawa, yeye aandike akisimama. Ile meseji ya muamala usiifute, ina kiasi na makato humo humo, na makato yaandikwe, maana ukituma elfu ishirini nyumbani iliyotoka kwako sio elfu ishirini. Afu Jumapili baada ya chakula mmoja anasoma grupu mwingine anaandika kwenye hiyo kaunta buku yako. Robo saa inatosha. Yeye kapata simu yake, wewe daftari lako, na kikubwa zaidi mmekaa mkaangalia pamoja, kitu ambacho apu ya mtu mmoja haiwezi kuwafanyia hata iwe na rangi gani.

Humo kwenye daftari kuna mistari mitatu naona hamna. Wa kwanza kodi. Hujaniambia mnalipa ngapi, tuseme 150,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mpigo, hiyo ni laki tisa. Watu wengi wanaishi miezi mitano kama vile kodi haipo afu mwezi wa sita wanakopa, na deni hilo ndo linakula tarehe 20 za mwezi unaofuata. Itoeni kila mwezi siku ya mshahara, ikae sehemu ambayo kuitoa ni usumbufu.

Wa pili michango. Harusi, sendofu, kitchen party, msiba, kadi inakuja imeandikwa singo 50 dabo 100 na grupu la kamati linakukumbusha kila asubuhi. Bajeti za Wamarekani hazina mstari huu ndo maana ukijaza apu yao michango yote inaangukia kwenye "mengineyo". Mimi nina wasiwasi Mengineyo wako ni jamaa wa kazini anayeoa. Wekeni kiasi cha mwezi, ikiisha mnasema mwezi huu tumebanwa.

Wa tatu mtaji wako, na hapa nakuuliza wewe. Hiyo elfu 10 mpaka 18 ni baada ya kurudisha hela ya unga, mafuta, sukari na mkaa? Kama ndiyo, tuchukue elfu 14 kwa siku 26, unaingiza 364,000, ukijumlisha na yake mnapita milioni moja, na mzee pengine hajui kwamba mke wake analeta zaidi ya theluthi ya nyumba. Kama sio, basi unakula mtaji bila kujua, na hakuna apu itakayokuambia. Hela ya mtaji ikae kwenye laini nyingine au kibubu chake.

Na kila mmoja awe na hela yake isiyoulizwa. Elfu ishirini, thelathini, mtakavyokubaliana, sawa kwa sawa. Hiyo haiandikwi popote, akinywea soda au ukisukia nywele ni siri ya mtu. Bila hiyo ataendelea kuandika mengineyo, na wewe pia utaanza, nakuambia.

Mwezi ukiisha kama mzee bado anataka apu, jaribuni Goodbudget, inagawa hela kwenye bahasha, yaani mafungu ya humo humo kwenye simu, na ile ya bure inakubali simu mbili, mmoja akijaza mwingine anaona. Ni ya Kiingereza lakini bahasha unaziita jina lako mwenyewe, andika KODI, andika MICHANGO.

SWALI: Mume wangu yuko Muscat, mimi Tanga. Anatuma hela kila mwezi na sasa anataka nijaze matumizi kwenye Google Sheets ili aone. Nahisi kama nachungwa. Nikubali?

JIBU: Kubali, ila mwambie faili liwe na upande wake pia: anaingiza ngapi, chumba huko ngapi, chakula ngapi. Ukijaza wewe peke yako hiyo ni ripoti ya mfanyakazi kwa bosi, na mimi ningegoma. Google Sheets inawafaa kwa vile wote mnaona kitu kimoja muda ule ule na ikibadilishwa namba inajulikana ilikuwa ngapi kabla. Kwenye simu ndogo kujaza ni mateso kwa hiyo jaza mara moja kwa wiki. Ongeza safu ya bei ya rial, hela ya huko Oman, siku aliyotuma, maana rial imefungwa kwenye dola toka zamani, bei yake kwa dola haibadiliki, shilingi ndo inayopanda na kushuka, anaweza kutuma rial zile zile 100 na wewe ukapokea kidogo kuliko mwezi uliopita afu mkaanza kushukiana bure.