Je, Grafiti ya Kinu cha Nyuklia Huchoka?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba kituo cha umeme wa nyuklia cha Hunterston B, huko Scotland, kilifungwa Januari 2022 baada ya matofali yake ya grafiti kuonekana yana nyufa. Waya hukatika ukipindwapindwa, lakini matofali hayo yametulia pale pale tangu 1976. Yamepasuliwa na nini? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, grafiti huchoka kweli, kwa maana kwamba mzigo ambao hauivunji mara moja unaweza kuivunja ukirudiwarudiwa. Lakini haichoki kama waya. Waya hupinda kwanza, ilhali grafiti hukatika papo hapo kama ncha ya kalamu ya risasi, ambayo nayo ni grafiti iliyochanganywa na udongo. Ndani yake imejaa vitundu vidogo, na ufa hupenya kutoka kitundu hiki hadi kile. Tena huhimili kukandamizwa kuliko kuvutwa, na kuvutwa ndiko kulikoyapata matofali ya Hunterston.

Kila tofali la mafuta, yaani linalozunguka mafuta ya nyuklia (urani), ni mcheduara wenye uwazi katikati, kimo chake sentimita 80 hivi, na ubavuni limechongwa mifereji ya kupachikia vipande vinavyoliunganisha na majirani zake. Kazi ya grafiti ni kupunguza kasi ya nyutroni, yaani chembe ndogo zinazoruka kutoka kwenye mafuta hayo. Nyutroni hizo huzigonga atomi za kaboni na kuzihamisha, na upande wa ndani, ulio karibu na mafuta, ndio unaogongwa zaidi. Kwa miaka mingi upande huo husinyaa upesi kuliko wa nje, kisha hugeuka ukaanza kutanuka. Hapo sehemu ya nje huvutwa, na ufa huanzia kwenye pembe ya mfereji, mahali ambapo mvuto hujikusanya. Hakuna aliyeligonga tofali: limejipasua lenyewe. Wakati huohuo gesi ya kaboni dioksidi inayopoza kinu, ikiamshwa na mnururisho (mionzi ya kinu), huila grafiti taratibu na kuipunguzia uzito na nguvu.

Machi 2018 kinu nambari 3 cha kituo hicho kilizimwa kwa ukaguzi, nyufa zikaonekana kuongezeka upesi kuliko ilivyokadiriwa, na hakikuwashwa tena hadi Agosti 2020. Kwa maoni yangu, idadi ya nyufa iliyotangazwa sana magazetini si jambo zito kuliko yote, kwa kuwa tofali lenye ufa mmoja bado hubaki mahali pake. Linalopaswa kuulizwa ni iwapo, tetemeko la ardhi likitokea, njia zinazopita katika rundo la matofali zitabaki zimenyooka kiasi cha fimbo za kudhibiti, zinazomeza nyutroni, kuteremka bila kukwama na kukizima kinu. Hilo huthibitishwa kwa kuteremsha kamera katika njia za mafuta, na kwa kukata vipande vidogo mithili ya kizibo cha chupa, vikapimwe nguvu maabara, kwa sababu matofali yenyewe hayawezi kutolewa wala kubadilishwa.