Kumtega mtu kwa kamera ili kumfichua mzinifu

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mpiga picha wa televisheni ya mtandaoni hapa Dar es Salaam. Mhariri anataka tukodi chumba gesti, dada mmoja ajifanye anajiuza, wanaume wakifika tuwatokee na kamera. Anasema huko ni kukataza maovu. Nishiriki?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Usishiriki, mwanangu. Mwenye kukataza maovu humzuia mtu asiyatende. Ninyi mnayaandaa: mnalipia chumba, mnamweka binti wa watu faragha na wanaume asiowajua, kisha mnasubiri mtu ateleze. Allah amesema: "Wala msipelelezane" (49:12). Na swahaba Hazzal alipomhimiza swahaba mwenzake Maiz akakiri zina yake, Mtume (s.a.w.) alimwambia Hazzal kwamba lau angemsitiri kwa nguo yake ingekuwa kheri kwake. Ameipokea Abu Dawud.

Hebu fikiri kamera yako itanasa nini. Mwanamume anagonga mlango, mkononi ana mfuko wa chipsi na soda mbili. Zina haijatendeka hapo. Mkiandika "mzinifu" chini ya sura yake mmemsingizia, na Suratun Nur aya ya 4 inadai mashahidi wanne, la sivyo viboko 80 na ushahidi wenu usikubaliwe tena. Kadhfu, yaani kumsingizia mtu zina, ni katika madhambi makubwa, na watu siku hizi wanaifanya kwa kubonyeza simu tu.

Sheria ya nchi nayo haiko upande wenu. Katiba, Ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu, na Ibara ya 13 inakataza kumtendea mtuhumiwa kama mkosaji kabla hajathibitika. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mtu huyo akifungua kesi ya madai ya kashfa, usidhani mhariri ataitwa peke yake.

Yametokea Marekani. Novemba 2006, katika mji wa Murphy, Texas, televisheni ya huko iitwayo NBC na polisi waliwatega wanaume waliodhani wanakwenda kukutana na watoto, kosa zito kuliko hili. Mmoja, mwendesha mashtaka wa serikali, hakwenda kwenye mtego. Polisi wakamfuata kwake, kamera zikiwa nje, naye akajipiga risasi akafa. Dada yake aliidai NBC dola milioni 105. Mwaka 2008 jaji alikataa kuifuta kesi yote, kisha wakapatana nje ya mahakama. Na wale waliokamatwa Murphy, ofisi ya mashtaka ya kaunti ilikataa kuwashtaki. Waliotaka haki ya watoto wakabaki mikono mitupu!

Kama mmekwisha rekodi, futeni kabla haijatoka. Ikitoka, toba peke yake haikutoshi: ni haki ya mja, utamwendea umwombe radhi, naye ana mke na watoto walioiona.

Lakini ukijua gesti fulani kunauzwa mtoto, au msichana amefungiwa kwa nguvu, hapo kunyamaza ni haramu. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi leo hii, uwaachie wao upelelezi.

Wallahu a'lam.