Kabla hujashika risasi ya kulehemu, jifunze bredibodi

Wewe unayeanza elektroniki, usiharakie kulehemu. Tafuta bredibodi, ule ubao wa plastiki wenye vitundu vingi, ufanyie mazoezi humo. Ukikosea unachomoa na kuchomeka upya, hakuna kilichoungua.

Kwanza ujue chini ya vitundu kuna nini. Kila safu fupi ya vitundu 5 imeshikwa na kibanio kimoja cha chuma, na mfereji wa katikati hutenganisha upande huu na ule. IC, kile kijidude cheusi chenye safu mbili za miguu, hukaa juu ya mfereji huo, miguu huku na huku. Ukiiweka yote upande mmoja, miguu inayotazamana inapiga shoti. Mistari mirefu ya pembeni ni ya kugawa umeme, chanya na hasi, ila kwenye bodi nyingi ndefu hukatika katikati. Hilo lilinila siku nzima: nusu ya saketi inafanya kazi, nusu imekufa, nami nabadilisha IC zilizokuwa nzima. Tangu siku hiyo kila bodi mpya naipima kwanza kwa mita ya umeme, kwenye alama ya mlio (hulia vitundu viwili vikiwa vimeungana), kitundu hadi kitundu.

Sasa waya, maana hapa ndipo wengi hukwama. Waya wa nyuzinyuzi hujikunja mdomoni mwa kitundu, na uzi mmoja ukitoroka unagusa jirani. Tumia waya wa uzi mmoja, unene wa karibu milimita 0.5 au 0.6. Omba mabaki kwa mafundi wanaotandaza kebo za mtandao ukutani. Ndani mna jozi 4 za waya wa namna hiyo, kila mmoja na rangi yake. Menya kama milimita 7. Diodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ikiwa na miguu minene usiilazimishe kuingia, itatanua kibanio na kitundu hicho kitalegea moja kwa moja.

Zoezi la kwanza: betri ya volti 9, LED nyekundu (kile kitaa kidogo), rezista ya ohmu 470 ya kupunguza mkondo. LED inakula takriban volti 2, saba zinabaki kwa rezista, mkondo unakuwa kama miliampia 15. Mguu mrefu wa LED uelekee chanya.

Taa ikicheza-cheza, usilaumu kifaa. Tikisa waya mmoja mmoja kwanza.

Na umeme wa ukutani usiuingize kabisa kwenye bredibodi. Vibanio vile havikutengenezwa kwa ajili yake, nawe utakuwa umeuinamia kwa vidole vitupu.