Jarife Lisilale Bila Mlinzi: Ushauri kwa Manahodha Wenzangu Kuhusu Kasa

Nimetega jarife, yaani wavu wa matundu makubwa, kwa miaka kumi na tisa katika maji ya Kilwa, na haya ninayoyaandika nimejifunza kwa hasara. Alfajiri moja ya kaskazi tulirudi kwenye jarife tuliloliacha tangu magharibi, tukakuta chelezo sita zimezama. Tulifurahi, kwa kuwa chelezo zikizama namna hiyo mara nyingi huwa ni papa au taa mkubwa. Tulipovuta tukaona mgongo mweusi wenye madoa meupe na matuta saba marefu, usio na gamba hata moja. Alikuwa noa, yaani kasa ngozi, ambaye ni mkubwa kuliko kasa wote duniani, naye alikuwa amekwisha kufa. Uzi ulikuwa umezama katika ngozi ya pezi lake la mbele hadi hauonekani.

Baharia wetu mdogo aliuliza kasa anakufaje maji ilhali bahari ndiyo kwao. Kasa ana mapafu kama sisi, na ni lazima apande juu kuvuta pumzi. Akipumzika anaweza kukaa chini kwa saa kadhaa, lakini akinaswa hupapatika, na kupapatika huimaliza pumzi upesi sana. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza unahusu muda: usitege jioni ukaenda kulala nyumbani. Siku hizi mimi hubaki karibu na jarife na kulikagua kila baada ya saa mbili. Nakiri kwamba kazi hiyo inachosha na inakula mafuta, ila samaki hutoka wabichi, na kaa hawanitangulii kuwala.

Ushauri wa pili nilipewa na mzee mmoja tuliyekuwa naye chomboni, siku tuliyopandisha kasa wa kawaida aliyelegea kabisa. Nilikwisha kumshika ili nimtupe, mzee akanizuia: “Mwanangu, huyo hajafa, amezimia.” Tulimlaza kifudifudi, tukaweka kamba iliyoviringwa chini ya sehemu yake ya nyuma ili inuke kiasi cha shibiri moja, maji yakaanza kumtoka mdomoni. Tukamfunika kanga iliyolowa, tukiacha pua wazi, tukamweka kivulini. Kila baada ya muda mzee alimgusa taratibu karibu na jicho kuona kama atakonyeza. Zilipita karibu saa tatu ndipo akainua kichwa na kutoa pumzi moja nzito iliyotushtua sote. Ningemtupa pale mwanzo, angezama na kufa kweli. Kwa hiyo usimlaze chali, usimkanyage kifua kwa nia ya kumtoa maji, na usikate tamaa mapema, kwa maana wengine huhitaji hata saa 24. Akipata nguvu, simamisha mashine, kisha mteremshe polepole mbali na nyavu.

Kwa noa mambo ni tofauti, kwa sababu mkubwa wao hupita kilo 400 na ngozi yake huchanika kwa urahisi. Usijaribu kumpandisha kwenye mashua, wala usimvute kwa mapezi. Msogeze ubavuni mwa chombo, shikilia kichwa chake kiwe juu ya maji, kisha kata nyuzi zote zinazomzunguka. Najua jarife ni ghali, lakini tundu huzibwa kwa siku mbili za kushona, na noa aliyeachwa apambane huharibu zaidi ya kisu. Wanaotega mishipi mirefu wakate uzi karibu kabisa na ndoana, kwa kuwa kipande kirefu kinachobaki humfunga baadaye. Kule Hawaii, uvuvi wa nduaro kwa mishipi ulifungwa mwaka 2001 kwa ajili ya kasa, ukafunguliwa mwaka 2004 kwa masharti ya kutumia ndoana za mviringo na chambo cha samaki badala ya ngisi, na noa walionaswa wakapungua kwa zaidi ya robo tatu.

Wapo wanaosema inatosha kulinda mayai ufukweni. Katika pwani ya kaskazini ya KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, viota vimelindwa tangu mwaka 1963, na duvi, aina nyingine ya kasa, wameongezeka sana, lakini noa hawakuongezeka kwa kiasi hicho. Noa hao husafiri mbali, wengine hadi Atlantiki na wengine hadi maji ya Sofala, Msumbiji, nako huko wanakutana na nyavu na mishipi. Mimi naamini tatizo letu liko chomboni kuliko ufukweni.

Lililobaki ni woga. Niliwahi kuripoti kasa aliyekufa, nikahojiwa kana kwamba nimemchinja, na tangu hapo wenzangu wengi huzika au huzamisha kimyakimya. Hata hivyo bado naripoti, ila sasa najiandaa: napiga picha ya mgongo na ya sehemu iliyonaswa kabla ya kukata chochote, naandika mahali, kina, saa niliyotega na saa niliyovuta, kisha nakwenda kwa mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, pamoja na baharia mmoja wa kushuhudia, kabla samaki hawajashushwa.